Niiteni Mara Mbili

Tangu nirudi mmekuwa mkininung'unikia. Kathure, ambaye duka lake la nguo limepakana na duka langu la dawa za mifugo hapa Kiirua, amewaambia wanawake wote wa chama kwamba nimeanza maringo: ananiita kutoka mlangoni kwake, ninamtazama tu, siitiki mpaka aite tena. Mwingine amesema niliingiwa na maji masikioni huko nilikokwenda kuogelea. Sikuogelea. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku mtu ananingoja nimpimie dawa ya kupe, kwa hiyo nimeandika yote. Kila mmoja asome kwa nafasi yake, halafu mniache.

Nilichotaka mnakijua, maana nilikisema mpaka mkanicheka. Nilitaka wiki moja ya kusoma vitabu kando ya maji. Si semina, si harusi, si mazishi. Miguu kwenye mchanga, kitabu mkononi, na mtu yeyote asiniulize ndama akiharisha apewe nini. Mombasa ni mbali na kuna watu wengi. Ndipo nikasikia habari za bwawa kubwa la mto Tana, huko Mbeere chini ya Kiritiri, ambalo lina mchanga ufukweni na vijana wa Embu wanauita bichi. Kijana mmoja aitwaye Ireri alikuwa na chumba cha wageni nyumbani kwa mama yake, hatua chache kutoka majini. Mkoba wangu wa vitabu ulikuwa mzito kuliko wa nguo.

Kiirua hadi Thuci

Nilishuka na Mutuma, jirani yangu, kwenye lori lake la viazi. Tulikuwa tuondoke alfajiri. Tuliondoka jua likiwa limeshapanda, kwa sababu magunia mawili yalipasuka yakipakiwa na Mutuma hakukubali kwenda na viazi vinavyochungulia. Kisha lori likachemka mlimani kabla ya Nkubu, tukakaa kando ya barabara tukingoja lipoe. Nilifungua kitabu cha kwanza hapo hapo, kile cha upelelezi, kinachoanza na msichana aliyetoka nyumbani na asionekane tena. Mutuma alininyemelea akasoma ukurasa mmoja juu ya bega langu, akasema huyo msichana ameolewa tu, hakuna cha kutafuta.

Chuka tulikula ndizi za kuchemsha na supu ya mbuzi iliyokuwa na pilipili ya kumtoa mtu machozi. Mutuma aliongea njia nzima: siasa, bei ya mbolea, mke wa kaka yake. Lakini tulipokaribia Thuci, mto unaotugawa na Embu, akapunguza mwendo na kunigeukia.

"Kawira, aga jina lako. Ukivuka hii daraja, hiyo K inabaki huku."

"Inabaki kwa nini?"

"Hawa watu hawana Kawira. Wao wako na Wawira. Ni jina moja, lakini ukiwaambia Kawira watakusikia Wawira. Utabishana mpaka uchoke."

Nilimwambia jina langu nilipewa la nyanya yangu na halitabadilishwa na mto. Akacheka. Kwenye soko la Embu, mama aliyekuja kupokea viazi aliniuliza jina, nikamwambia Kawira, polepole, kama ninayemfundisha mtoto. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Karibu sana, Wawira." Mutuma alikuwa nyuma ya gunia akijiuma midomo.

Embu hadi Kiritiri

Kutoka Embu nilipanda bodaboda ya kijana aitwaye Nyaga, shavu limemtuna kwa mguka. Alipojua natoka Meru, alinihurumia. Alisema miraa yetu ni ya kutafuna vijiti kama mbuzi, na mguka wao ni majani laini ya watu wenye akili. Nilimwambia majani laini ni ya ndama. Tukaelewana vizuri baada ya hapo.

Kadiri tulivyoteremka ndivyo joto lilivyozidi. Udongo ukawa mwekundu, halafu wa kijivu, mashamba ya ndengu yakaanza, na hewa ikawa ile ya kufungua tanuri. Kiritiri tulisimama kwa muda mrefu kwa sababu Nyaga alikuwa na kila mtu wa kusalimia. Hapo ndipo nilipogundua jambo. Alikuwa anaita watu majina mara mbili. "Njue Njue!" Na wao wakimjibu, "Nyaga Nyaga!" Hata mama mwenye kibanda alimwita bintiye hivyo hivyo, na binti hakugeuka mpaka jina liliporudiwa.

Nilimuuliza kama huko watu ni viziwi.

"Si uziwi, auntie. Hii ni ya watu wa kando ya maji. Mtu akikutaka anakuita mara mbili."

"Na akiita mara moja?"

Alitema majani yake, akapanda pikipiki. "Mtu haiti mara moja. Ile kitu inaita mara moja iko kwa maji. Hiyo hata usigeuke."

Nilicheka. Mimi ni mtu wa kanisa na nimeuza dawa za minyoo maisha yangu yote. Nikisikia maneno ya namna hiyo huwa nauliza mtu amekula nini. Nilijiambia ni mguka unaongea.

Kando ya maji

Nyumba ilikuwa ya mawe, ndogo, imefagiwa mpaka udongo unang'aa. Mwenye nyumba alitoka na leso mabegani, mama mrefu mkavu mwenye macho ya upole, na kabla sijajitambulisha Nyaga akasema kwa sauti, "Mama Wawira, mgeni wako huyu hapa." Nikasema mimi naitwa Kawira. Mama akasimama pale pale. Akaniangalia usoni kwa muda, kisha akasema taratibu, "Wawira." Sikumsahihisha. Tangu Embu nilikuwa nimeshaitikia jina hilo mara nyingi kiasi kwamba lilianza kunikaa.

Sasa niwaeleze mahali hapo. Bichi ni mchanga wa kijivu, laini, na bwawa ni pana mpaka vilima vya upande wa pili vinaonekana vyembamba. Ni pazuri. Lakini majini kumesimama miti iliyokufa, myeupe, matawi yote yapo, kwa sababu palikuwa nchi kavu kabla ya maji kufungiwa. Na mbele ya mlango wa Mama kuna njia. Njia ya miguu ya kawaida, iliyokanyagwa vizuri, inateremka kutoka nyumbani, inapita kwenye mchanga, halafu inaingia majini. Haikati kona wala haiishii ukingoni. Inaendelea chini, unaiona kwa muda, mpaka maji yanapokuwa meusi.

"Inaenda kwetu," Mama aliniambia nilipouliza. "Boma la mama mkwe wangu liko huko chini."

Siku za kwanza zilikuwa zile nilizozitamani. Asubuhi uji wa wimbi. Naweka kigoda changu kwenye mchanga, chini ya mgunga mdogo, nasoma mpaka macho yachoke. Mchana ndengu au samaki wa bwawa aliyekaangwa mpaka mifupa inalika. Alasiri Mama anakuja kukaa nami akichambua kunde, ananiuliza kitabu kinasema nini. Hasomi, lakini anajua kusikiliza kuliko ninyi. Nilimsimulia kile cha upelelezi sura kwa sura. Kila siku swali lake lilikuwa moja.

"Yule msichana, wamemwona?"

"Bado, Mama."

"Na mama yake anasema nini?"

Nikapekua. Mwandishi hakuwa ameandika mama yake anasema nini. Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa maziwa yaliyotiwa maji.

Jambo moja tu lilinisumbua. Kila asubuhi nilikuta kigoda changu kiko karibu zaidi na maji, na si kigoda kilichosogea. Milimani kulikuwa kunanyesha, bwawa linajaa. Jumatatu nilikaa chini ya mgunga. Siku mbili baadaye mgunga wenyewe ulikuwa umesimama majini, na mimi nimerudi nyuma karibu na ua wa nyumba.

Saa ya adhuhuri

Mama alikuwa na binti, mzaliwa wake wa kwanza. Alinieleza mwenyewe, bila kuficha, akiwa anapepeta ndengu. Wawira alishuka kuchota maji adhuhuri moja, miaka mingi iliyopita. Mtungi ulipatikana unaelea, umejaa nusu, umesimama wima. Yeye hakupatikana. Waliopiga mbizi hawakupata hata kiatu. Tangu siku hiyo, jua likifika utosini, Mama huteremka ile njia mpaka maji yanapomgusa vidole na kumwita bintiye, mara moja tu. Aliye nchi kavu unamwita mara mbili, aliniambia, aliye majini unamwita mara moja.

"Na Ireri anasemaje?"

"Ireri anataka nihame, niende kwake Runyenjes. Anasema hii maji itaingia kwa nyumba. Ni ukweli, itaingia." Akapuliza makapi. "Tumekubaliana. Hii ndiyo wiki yangu ya mwisho. Nimwite mpaka Ijumaa. Akinyamaza, Jumamosi Ireri anakuja na gari, tunaomba na mchungaji, naondoka. Lakini akiitika, mimi siwezi kuacha mtoto."

Nguo zake zilikuwa zimeshafungwa kwenye sanduku kando ya kitanda. Nilimwonea huruma. Nilimwombea anyamaziwe, Mungu anisamehe kwa ombi la namna hiyo.

Adhuhuri ya Mbeere hamjawahi kuiona ninyi watu wa baridi. Kivuli kinaingia chini ya miguu. Ndege hawalii, mbuzi wanalala, wavuvi wameshakwenda kulala zamani. Hakuna sauti yoyote, na kimya hicho kinakusikiliza. Mama akiita wakati huo, jina linakwenda juu ya maji, na hata mwangwi haurudi.

Basi Alhamisi nilikuwa nimekaa karibu na ua, kitabu kimenoga, mpelelezi anakaribia kugundua jambo. Sikumwona Mama akiteremka. Nilisikia tu, "Wawira!"

Nikaitika. "Ii!"

Hilo neno ndilo halibadiliki ukivuka Thuci. Kwetu ni hilo, kwao ni hilo. Ningeitika kwa Kiswahili, au ningesema lolote jingine, angejua ni mgeni. Nilisema "Ii" kama binti yeyote wa huku anavyomwitikia mama yake, bila hata kuinua macho. Nilipoyainua, niliona mgongo wa Mama ukingoni mwa maji, mikono yake imeinuka hewani, imebaki hapo.

Alirudi anatembea kama msichana. Alinipita bila kuniona. Nilipoingia ndani, alikuwa anafungua sanduku, anarudisha nguo moja moja kwenye misumari ya ukutani, anaimba wimbo wa kanisa kwa Kimbeere. Mezani akaweka sahani tatu.

Nilitaka kusema pale pale. Mdomo ulikataa. Nilimsikia akimpigia Ireri simu: "Usije na gari. Ameitika." Ireri alilia kwenye simu, mimi nikiwa chumba cha pili nilimsikia. Usiku huo maji yalikuwa yanagonga mchanga kwa sauti ndogo nje ya ukuta wangu, na nilijua kwamba nimemfunga mama wa watu kwenye nyumba inayokwenda kuzama. Kwa neno moja.

Ijumaa

Asubuhi maji yalikuwa kwenye ua. Kitabu cha upelelezi nilikuwa nimekisahau kigodani, na kigoda hakikuwepo. Nilimkuta Mama akikoroga uji nikamwambia yote. Nilimwambia ni mimi niliyeitika, ni mazoea, ni jina mlilonipa tangu Embu, nisamehe.

Hakukasirika. Aliendelea kukoroga.

"Wewe nilikusikia," alisema. "Ulikuwa nyuma yangu. Mimi si kiziwi. Kuna mwingine aliitika mbele."

Nilimwambia ni sauti yangu iliyorudi kutoka majini. Akaniuliza kama nimewahi kusikia yake ikirudi, siku zote hizo.

"Basi twende wote leo," nikasema. "Nisimame kando yako, uniangalie mdomo. Ukiita na kimya kikawa kimya, utakwenda na Ireri?"

Alifikiri mpaka uji ukaanza kushika chini. "Na akiitika?"

"Akiitika nitamwambia Ireri mwenyewe kwamba nimesikia kwa masikio yangu." Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa na hakika, au nilidhani ninayo.

Tukateremka jua likiwa utosini. Njia ilikuwa fupi sana siku hiyo. Alinishika mkono kwa nguvu, na mkono wake ulikuwa baridi katika joto lile. Miti myeupe imesimama majini, hakuna mtumbwi, hakuna mtu upande wowote. Nilifunga mdomo mpaka meno yakauma. Mama akavuta pumzi.

"Wawira!"

Jina likaenda. Tukangoja. Nilikuwa namtazama yeye, naye ananitazama mimi, wote midomo imefungwa. Nikaanza kuhisi nafuu, nikaanza hata kumtafutia maneno ya kumfariji.

Ndipo tukasikia, kutoka pale ambapo njia inakuwa nyeusi, si kwa sauti kubwa, sauti ya mwanamke kijana:

"Kawira."

Mara moja.

Nawajua. Mtasema ni mvuvi. Mvuvi gani alijua K yangu? Tangu daraja la Thuci hakuna mtu aliyeniita hivyo. Mvuvi angesema Wawira, na angesema mara mbili. Iliita kama mama yangu anavyoniita, na aibu kubwa niliyonayo ni kwamba ilinipendeza. Nilijiona nimefika nyumbani. Mdomo wangu ulifunguka, ile "Ii" ikiwa tayari kwenye ulimi, na mguu wangu ulikuwa umeshainuka kwenda mbele.

Mama alinipiga kofi la mdomo. Kisha akaniziba kwa kiganja chake chote, kinanuka moshi na kunde, akanivuta kinyumenyume mpaka tukaanguka kwenye mchanga. Hakuondoa mkono mpaka tukawa ndani na mlango umefungwa.

Alikaa chini, mgongo ukutani. Alipoanza kulia hakulia kwa kelele.

"Huyo si wangu," alisema. "Wangu hakujui. Wangu nikimwita angeita mimi, angesema Mama. Miaka hii yote namwita mtoto wangu, kumbe najibiwa na kitu inataka mtoto ya mtu mwingine." Akajifuta kwa leso. "Wangu alikufa, mwari wakwa. Alikufa siku ile ile."

Mwari wakwa ni kusema binti yangu. Nilimkumbatia tukalia wote wawili. Nilimwonea uchungu ambao sijawahi kumwonea mtu, maana nilikuwa salama kwa sababu yeye ametoa tumaini lake la mwisho kunivuta nalo.

Kurudi

Jioni ile Mama alimpigia Ireri simu tena, akamwambia aje, naye akaja Jumamosi na gari, pamoja na mchungaji. Waliomba mlangoni, maji yakiwa kwenye ua. Mama alisema jina la bintiye mara mbili, kama la mtu wa nchi kavu, kisha akasema Amina na hakugeuka nyuma. Ireri hakujua yaliyotokea. Alinishika mkono akisema, "Mgeni njoo mwenyeji apone." Nikaangalia pembeni.

Walinishusha Runyenjes, na huko nilipata lori la ndizi linalopanda Meru. Vitabu vingine vyote nilirudi navyo bila kuvifungua. Daraja la Thuci lilipofika nilikuwa macho, nikaliangalia mpaka likapita. Dereva akaniuliza naitwa nani, nikasema mimi ni mama wa duka.

Kiirua

Ndiyo habari yenyewe. Kathure, si maringo. Ukinihitaji niite mara mbili, hata kama ni cherehani inakuwakia moto. Ukiniita mara moja sitageuka. Juzi mchana, duka likiwa tupu na barabara imenyamaza, niliitwa mara moja, na wewe ulikuwa umekwenda sokoni.

Mama hunipigia simu Jumapili baada ya ibada. Runyenjes ni baridi kwake, analalamikia magoti na mke wa Ireri anayetia sukari nyingi kwenye chai. Ameniuliza kama yule msichana wa kitabuni alionekana, nikamwambia kitabu kilichukuliwa na maji, sijui. Akasema basi, tumwache.

Lakini hayo ni baadaye. Kwanza kabisa, hata kabla ya salamu, huniita. Amejifunza ile K. Inamtoka kwa taabu, kama mtu anayemeza mfupa wa samaki, naye haiharakishi.

"Kawira," anasema. Halafu, "Kawira."

Kisha ananyamaza na kungoja, na mimi naitika, "Ii, Mama."